Kikundi cha ukoo: viazi vya Jumamosi

Shangazi Rukia, saa 1:40 asubuhi
Assalamu alaykum nyote. Jumamosi tutakuwa watu 40 hapa Majengo, nami nimeagiza kilo 15 za viazi aina ya Shangi kutoka soko la Kongowea. Chipsi nitazikaanga mara mbili: kwanza kwa moto wa wastani hadi ziive zikiwa bado nyeupe, kisha nizipumzishe, na wageni wakifika ndipo nizirudishe katika mafuta makali zipate rangi. Kila mmoja aseme leo atasaidia nini.

Shangazi Rukia, saa 3:15 asubuhi
Naona mmesoma watu 23, na jibu hakuna.

Salim, saa 3:52 asubuhi
Shangazi, mimi nitakuja na tumbo, nalo limejitolea bila kulazimishwa.

Zuhura, saa 4:05 asubuhi
Naomba nusu ya viazi visikaangwe, kwa kuwa Baba amekatazwa mafuta. Nitavikata vipande vinene pamoja na maganda, nivichemshe dakika 6 au 7 katika maji ya chumvi yenye siki kidogo ili visivunjike, nivikaushe, nivipake mafuta, thomu na pilipili manga, kisha niviingize katika oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 40 hivi, huku nikivigeuza mara moja.

Shangazi Rukia, saa 4:09 asubuhi
Sawa, ila usijaze trei. Vipande vikipandana hutoka mvuke, vikawa laini kama vya mchuzi.

Ami Bakari, saa 6:30 mchana
Na viazi karai mmevisahau? Kiazi kilichochemshwa, kikachovywa katika unga wa ngano uliokorogwa mzito kwa manjano na chumvi, kikaliwa na ukwaju, ndicho kitakachonitoa nyumbani. Lakini karai kubwa liko wapi?

Shangazi Rukia, saa 6:34 mchana
Lilikwenda Likoni kwa harusi, na aliyelichukua yumo humu kikundini.

Mama Fauzia, saa 7:02 mchana
Wifi, karai nililirudisha, nikaukuta mlango umefungwa. Hadi leo hakuna aliyeniuliza kwa nini mlango ule ulifungwa siku ile.

Salim, saa 7:03 mchana
Limevuka feri, limekwishakuwa raia wa Likoni. Tuliombee pasipoti.

Ami Bakari, saa 7:05 mchana
Na viza ya kurudi, maana huenda limeoa huko.

Bibi, saa 9:20 alasiri
Mimi ndiye Bibi yenu, anayeniandikia ni Zuhura. Karai lile lilinunuliwa na marehemu babu yenu, nalo limepika kila jambo la nyumba hii, la furaha na la msiba. Habari ya mlango sitaki kuisikia tena. Jumamosi sitaonja kiazi kilichokaangwa katika chombo cha kuazima hali chetu kiko ng'ambo ya maji. Na mafuta yasizidi nusu ya karai, mambo ya Kilifi yalitutosha.

Mama Fauzia, saa 10:48 alasiri
Nimesikia, Mama.

Shangazi Rukia, saa 10:50 alasiri
Tumesikia, Mama. Basi viazi vitafika Ijumaa na si kabla, kwa kuwa Shangi huchipua upesi. Viwekwe gizani, visitiwe friji, maana baridi hugeuza wanga kuwa sukari na chipsi huungua rangi kabla ya kuiva. Nani atavuka Likoni?

Nassor (Muscat), saa 3:30 usiku
Samahanini, nilikuwa kazini. Huku tunatumia kikaangio cha hewa, kijiko kimoja cha mafuta kinatosha, dakika 20 kwa nyuzi 190, ukikitikisa katikati. Kwa nini msinunue?

Ami Bakari, saa 3:41 usiku
Kwa watu 40, mwanangu, tutakula kwa zamu hadi Idi.

Mama Fauzia, saa 4:20 usiku
Ijumaa baada ya Alasiri nitakuwapo nyumbani. Anayelitaka karai na aje.

Shangazi Rukia, saa 4:21 usiku
Salim?

Salim, saa 1:15 asubuhi
Je, ukwaju umekwisha kuroweshwa?

Shangazi Rukia, saa 1:16 asubuhi
Salim, nimekuuliza habari ya karai.