Kuvunja, kukarabati au vocha za kodi: tuamue vipi?

Msingi_Imara: Wakuu, kamati yetu inapiga kura wiki ijayo. Majengo ya umma ya zamani, wapangaji wa kipato kidogo. Yavunjwe yajengwe mapya, yakarabatiwe, au watu wapewe vocha za kodi, yaani serikali iwasaidie kulipa pango kwa wenye nyumba binafsi? Kipi bora?

Nondo12: Hujasema ghorofa ngapi wala aina ya ujenzi. Ni nguzo na boriti za kumwaga zege palepale, au mabamba ya zege ya kiwandani yaliyoungwa? Jengo la Ronan Point, London, 1968: ghorofa 22 za mabamba. Gesi ililipuka ghorofa ya 18, ukuta ukachomoka, pembe nzima ikaporomoka. Watu 4 walikufa. Kama ni mabamba, fungueni kwanza viungo kadhaa mkague vyuma ndani.

KodiNafuu: Na matengenezo analipa nani? Pruitt-Igoe, mradi wa nyumba za umma wa St. Louis, Marekani, uliobomolewa, unalaumiwa kwa usanifu, au kwa wapangaji wenyewe, jambo linaloniuma. Tazama hesabu. Majengo 33 ya ghorofa 11, nyumba 2,870, wa kwanza wakaingia 1954. Serikali kuu iligharimia ujenzi, lakini uendeshaji ulitegemea kodi ya wapangaji. Jiji likapoteza watu, nyumba zikabaki tupu, makusanyo yakashuka. Lifti, zilizosimama ghorofa ya 1, 4, 7 na 10 tu ili kubana matumizi, zikawa zinakwama. Mabomba yakapasuka kwa baridi. Waliobaki wakapandishiwa kodi hadi wakagoma 1969. Ubomoaji ulianza 1972. Jengo jipya lisilo na fungu la matengenezo litaishia hapohapo.

Msingi_Imara: Ghorofa 10, nguzo na boriti. Fungu hilo sijaliona kwenye makabrasha.

Nondo12: Kama ni nguzo na boriti, basi karabatini. Grand Parc, Bordeaux, Ufaransa, nyumba 530: wasanifu Lacaton na Vassal waliongeza mbele ya kila nyumba baraza ya vioo yenye kina cha mita 3.8, vipande vikitoka kiwandani na kupandishwa kwa kreni. Wapangaji hawakuhamishwa.

Dirisha_Moja: Mnaisahau vocha. Marekani inazo tangu 1974, na familia huchagua mtaa wenyewe.

KodiNafuu: Mwenye nyumba akikataa? Vocha haijengi hata chumba kimoja. Na kuvunja nako kuna mtego: Marekani ilifuta 1998 sharti la kujenga nyumba moja kwa kila iliyobomolewa. Andikeni sharti hilo kwenye mkataba kabla ya tingatinga kufika.

Paa_la_Wote: Jiji la Vienna, Austria, lilitoza ushuru maalumu wa kujengea nyumba za umma kuanzia 1923, wenye nyumba za kifahari wakibeba mzigo mkubwa. Jengo lake la Karl-Marx-Hof, nyumba 1,382, ilizinduliwa 1930 na bado ni ya jiji. Uingereza iliwapa wapangaji haki ya kununua mwaka 1980, na akiba ya nyumba za umma ikayeyuka. Msiuze!

Dirisha_Moja: Singapore inauza, kwa hati ya miaka 99, na mambo yanakwenda.

Paa_la_Wote: Kwa sababu HDB, shirika lao la nyumba za umma, haijaacha kujenga tangu 1960. Uingereza na Singapore ni habari mbili tofauti.

Nondo12: Msingi_Imara, nyumba tupu ni ngapi sasa hivi? Na lifti zina umri gani?