Kufuatilia mswada wa kubeba bastola wa jimbo la Texas ukiwa Mombasa: tuangalie wapi, na vipi?

BintiMajengo

Asalaam aleikum wenzangu. Tuko watu wanne hapa Mombasa, tunawaandikia jamaa zetu walioko Houston na Dallas muhtasari wa Kiswahili wa sheria za huko zinazowagusa. Miswada ya silaha ndiyo inayotutoa jasho. Bunge la jimbo likianza tu, simu zinajaa jumbe: leo mswada "umepita", kesho "umekwama", keshokutwa "ni sheria tayari". Mtu anaweza kutiwa pingu kwa kuamini ujumbe kama huo. Tunataka kuufuata mswada wenyewe tangu unapowasilishwa hadi siku unapoanza kutumika. Hatua ni zipi, na ni wapi mtu huteleza akadhani mambo yamekwisha kumbe bado? Tukipata mfano wa mswada halisi tutashukuru zaidi.

KizingoSheria

Waaleikumu salaam dada. Chukueni HB 1927 wa mwaka 2021, ule ulioondoa sharti la leseni ya kubeba bastola kwa mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye hazuiwi na sheria nyingine. Na muandike "bastola", msiandike "bunduki" kwa jumla. Bunduki ndefu hazikuwa na sharti la leseni ya kubeba Texas hata kabla ya hapo, na muhtasari unaochanganya hayo mawili umeharibika tangu sentensi ya kwanza.

Anzeni na kalenda. Bunge la Texas hukutana mwaka wa witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa siku zisizozidi 140. Miswada huanza kupokewa Novemba iliyotangulia, na baada ya siku ya 60 mlango wa kawaida hufungwa. HB maana yake mswada umeanzia Baraza la Wawakilishi lenye watu 150. SB umeanzia Seneti yenye watu 31. Ukivuka kwenda upande wa pili namba yake haibadiliki.

Kusomwa mara ya kwanza ni kutajwa tu na kukabidhiwa kamati, hakuna mjadala. Kamati ndiyo kaburi la miswada mingi: mwenyekiti asipoupangia siku ya kusikilizwa hakuna kura itakayopigwa, wala tangazo la kifo halitatolewa. Utauona umekaa palepale hadi siku 140 zimekwisha, na hapo umekufa. Msimu ujao lazima uwasilishwe upya kwa namba mpya. Ukitoka kamatini upande wa Baraza, bado kuna kamati nyingine, ile ya ratiba, inayoamua utafika ukumbini lini au kama utafika. Hapa ndipo jumbe za "umepita" huanza kuzagaa, na ni mapema mno.

Kusomwa mara ya pili ndiko kwenye mjadala wenyewe, na marekebisho hupita kwa wingi wa kawaida wa kura. Mara ya tatu huwa siku nyingine, na marekebisho hapo yanataka theluthi mbili. HB 1927 ulipata kura 84 kwa 56 tarehe 15 Aprili, kisha 87 kwa 58 tarehe 16. Mkikuta magazeti mawili yenye hesabu tofauti, huenda yote yako sahihi, kila moja limeshika kura yake.

Seneti ndiyo iliyokuwa mtihani. Ili mswada ujadiliwe nje ya mpangilio wake, na karibu yote hujadiliwa hivyo, kanuni hudai zaidi ya nusu. Hadi 2020 ilikuwa theluthi... la, samahani, tatu kwa tano, yaani maseneta 19 wote wakiwapo. Januari 2021 ikateremshwa hadi tano kwa tisa, yaani 18. Tarehe 5 Mei HB 1927 ukapita Seneti kwa 18 kwa 13. Kwa kanuni ya zamani kura hizo 18 zisingetosha kuufungulia mlango. Kwa hivyo msipuuze siku ya kwanza ya msimu, bunge linapopitisha kanuni zake. Inachosha kusikiliza, lakini hatima ya mswada wa Mei huweza kuamuliwa siku hiyo.

Seneti iliongeza marekebisho, basi ukarudi Baraza. Baraza huwa na njia mbili: kuyakubali au kuomba kamati ya upatanisho ya watu watano kutoka kila upande. Mwaka ule palikuwa na hofu ya hoja za nidhamu, kwamba baadhi ya marekebisho yalikuwa nje ya mada ya mswada, nayo hoja ya namna hiyo ikikubaliwa huweza kuangusha kila kitu. Wakaenda kwenye upatanisho. Ripoti yake ilipita Baraza tarehe 23 Mei kwa 82 kwa 62, na Seneti tarehe 24 kwa 17 kwa 13. Gavana Greg Abbott alitia saini tarehe 16 Juni. Sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 2021. Kati ya saini na kuanza kutumika kuna miezi miwili na nusu, na aliyebeba bastola bila leseni Julai, mahali palipotaka leseni, alikuwa bado anavunja sheria.

Mwana wa Tudor

Niongeze upande wa saa, maana hapa ndipo sisi wa pwani tunapokosea. Januari hadi mapema Machi Austin, mji mkuu wa Texas linakokaa bunge, iko nyuma yetu kwa saa tisa. Jumapili ya pili ya Machi wao husogeza saa mbele, tofauti inakuwa nane. Kikao kinachotangazwa kuanza saa nne asubuhi kwao ni saa moja usiku kwetu mwezi Februari, na saa kumi na mbili jioni mwezi Aprili.

Siku ya kukesha ni karibu siku ya 122, inayoangukia katikati ya Mei. Huo ndio mwisho wa Baraza kujadili miswada yake yenyewe kwa mara ya pili. Wapinzani wa mswada ulio chini kwenye orodha huongea polepole juu ya miswada isiyo na ugomvi, dakika kwa dakika, hadi saa sita usiku igonge. Saa sita usiku ya Austin mwezi Mei ni saa mbili asubuhi hapa. Usichapishe chochote kabla ya saa hiyo.

Tovuti ni capitol.texas.gov. Fungueni akaunti, ni bure, kisha uwekeni mswada kwenye orodha yenu ili mpate barua pepe kila hatua inapobadilika. Wekeni pia miswada pacha: mara nyingi mmoja huwa Baraza na mwenzake Seneti, maneno yaleyale, na unaofika si lazima uwe ule uliokuwa ukitajwa redioni. Tangazo la kusikilizwa katika kamati ya Baraza hutolewa siku tano kabla. Seneti hutosheka na saa 24. Kwa hiyo Seneti kagueni kila siku, msingoje barua pepe.

BintiMajengo

Ahsanteni sana. Mawili yametutatiza. Kwenye historia ya mswada mmoja tumekuta "left pending" baada ya kusikilizwa. Umekataliwa? Na maandishi yako matoleo manne au matano, tafsiri tufanye ya lipi?

KizingoSheria

Haujakataliwa. Maana yake kamati imewasikiliza mashahidi ikauweka kiporo. Kura inaweza kuja wiki mbili baadaye au isije kabisa. Katika muhtasari andikeni "umesikilizwa, kura bado".

Matoleo: la kwanza ni la mwenye mswada. La kamati linaweza kuwa mswada mbadala mzima, unaobeba namba ileile na kichwa kilekile huku ndani mambo yamegeuka. Lililoandikwa "Engrossed" ndilo lililopitishwa na upande wa kwanza. "Enrolled" ndilo la mwisho, lililokubaliwa na pande zote mbili na kwenda kwa gavana. Tafsiri kamili fanyeni ya hilo la mwisho tu. Kabla yake elezeni kwa ufupi na mtaje toleo na tarehe juu ya ukurasa. Maneno mapya hupigwa mstari chini, yanayofutwa hupigwa mstari katikati. Mkinakili kwenye programu ya tafsiri mistari hiyo hupotea, na maneno yaliyofutwa yanarudi kana kwamba ni sheria. Kosa hili ni baya kuliko yote, kwa sababu msomaji hana njia ya kuligundua.

Mfano wa kilichobadilika njiani: toleo la mwisho la HB 1927 linawazuia watu waliopatikana na hatia ya makosa fulani, kama shambulio lenye madhara ya mwili, ndani ya miaka mitano iliyopita. Aliyesoma toleo la kwanza pekee hatalijua hilo.

Maalim wa Kisauni

Wenzangu mmeeleza safari ya mswada vizuri. Nawaomba kwa dhati muongeze aya moja juu kabisa ya kila muhtasari, kwa herufi nzito: mswada wa jimbo haugusi sheria ya taifa la Marekani.

Mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya utalii au ya kazi, sheria ya taifa inamkataza kumiliki au kushika bunduki na hata risasi. Misamaha ni michache, unaojulikana zaidi ni wa mwenye leseni halali ya kuwinda. Asiye na karatasi za ukaaji amekatazwa moja kwa moja. Mwenye ukaaji wa kudumu hayumo katika katazo hilo. Kijana wetu aliyeko chuoni akisoma "Texas haihitaji leseni tena" na akanunua bastola kwa rafiki, jimbo halitamkinga: ni kosa zito la taifa, na ukaaji wake umo hatarini.

La pili, shule. Sheria ya taifa inakataza bunduki ndani ya futi 1,000, kama mita 300, kutoka kwenye eneo la shule, na inamwachilia mwenye leseni ya jimbo hilo. Asiye na leseni hana ulinzi huo barabarani, hata kama jimbo limemruhusu kubeba. Ndiyo sababu Texas haikuifuta leseni yenyewe. Bado inatolewa na watu bado wanaiomba, pia kwa ajili ya majimbo mengine yanayoitambua.

Na mabango mlangoni: yenye namba 30.06 na 30.07 ni kwa wenye leseni, la kwanza kwa silaha iliyofichwa, la pili kwa iliyo wazi. Bango la 30.05 liliingia na HB 1927 kwa wasio na leseni. Baa inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonywewa hapohapo bado ni haramu kuingia na bastola.

Mwana wa Tudor

Maalim umenena. Mimi ningeongeza kwa wasomaji wa hapa nyumbani: jimbo msililinganishe na kaunti. Bunge la Kaunti ya Mombasa haliwezi kutunga sheria ya bunduki. Kwetu silaha ziko chini ya sheria moja ya taifa, Sura ya 114, na leseni hutolewa na bodi ya kitaifa.

BintiMajengo

Aya hiyo tunaiweka leo. La mwisho: gavana asipotia saini? Na tarehe ya kuanza tunaipata wapi?

KizingoSheria

Texas, bunge likiwa kazini, gavana ana siku 10 bila kuhesabu Jumapili. Mswada ukimfikia katika siku 10 za mwisho, ana siku 20 tangu bunge lifungwe. Asiposaini wala kuukataa, unakuwa sheria. Akiukataa baada ya bunge kufungwa, hakuna wa kupiga kura ya kumpinga, maana wabunge hawawezi kujiita wenyewe.

Kwingine si hivyo. Louisiana mwaka 2021 gavana alikataa mswada kama HB 1927, wabunge wakarudi Julai, Seneti ikapata kura 23 na zilihitajika 26. Ulifaulu 2024 chini ya gavana mwingine: saini Machi, kuanza 4 Julai. South Carolina mwaka huohuo ulitiwa saini 7 Machi na ukaanza siku hiyohiyo.

Tarehe iko kwenye kifungu cha mwisho cha toleo la "Enrolled". Kisomeni hicho kabla ya kingine chochote. Texas, kisipotaja tarehe, sheria huanza siku ya 91 baada ya bunge kufungwa.