Je, upweke unaweza kuchangia usahaulifu wa mzee?

Muulizaji: Shikamooni. Tulimhamisha baba kutoka Pangani kuja kuishi nasi Dar es Salaam. Hakosi chakula wala dawa, lakini sisi hushinda kazini naye hushinda na televisheni, na siku hizi anarudia swali lile lile. Je, upweke unachangia?

Jibu la 1: Marahaba. Unaweza kuchangia. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kurekebishwa, na kutengwa na watu ni mojawapo. Mazungumzo huutaka ubongo usikilize, ukumbuke, utafute maneno na usome uso wa mwenzako kwa wakati mmoja, kazi ambayo televisheni haimdai mtazamaji. Hata hivyo mpelekeni kwa daktari kwanza, kwa kuwa sonona (huzuni nzito isiyoisha), upungufu wa vitamini B12 na hitilafu za tezi ya shingo pia huleta usahaulifu, na hutibika.

Jibu la 2: Mpimeni na masikio. Mzee asiyesikia vizuri huona haya kuuliza tena na tena, mwishowe hunyamaza barazani.

Jibu la 3: Kama alikuwa mchezaji wa bao, mtafutieni wenzake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hupiga hesabu ya mizunguko kichwani huku akitaniana na watazamaji. Msiishie kumfundisha mjukuu ili acheze naye. Mzee anahitaji watu wa rika lake, anaokumbuka nao mambo yale yale.