Mrejesho: maandalizi ya mtoto kwa kipimo cha utumbo mpana

Asanteni mlionijibu nilipouliza jinsi ya kumnywesha mtoto wa miaka minne dawa ya kusafisha tumbo kabla ya kipimo cha kamera. Kilichosaidia sana ni kuipoza dawa kwenye friji, kutumia mrija, na kumpa kidogo kidogo kila baada ya dakika chache. Akitapika, apumzike nusu saa, na ikishindikana kabisa pigeni simu wodini. Vinywaji vyekundu na vya zambarau viepukwe, maana ndani ya utumbo huonekana kama damu. Mpakeni mafuta ya mgando matakoni mapema, ngozi isije ikababuka. Choo kikiwa maji ya manjano yasiyo na vipande, utumbo uko tayari. Kikibaki kizito, daktari haoni kuta za utumbo na kipimo huweza kuahirishwa.