Shahada ya fedha huku kwetu: miaka mitatu ya madesa, mhitimu hajui kukokotoa riba ya mkopo wa bodaboda

Wakuu, salaam.

Uzi huu nauandika kwa hasira. Kila mwaka masomo yanapofunguliwa, vijana wanashuka stendi ya Nane Nane Mbeya na kule Iringa na mabegi yao, waje kusoma shahada ya fedha, au benki na fedha. Wazazi wameuza mahindi, wengine wamekata miti ambayo haijakomaa. Baada ya miaka mitatu kijana anavaa joho. Sasa mpe huyo mhitimu karatasi ya mkopo wa bodaboda kutoka ofisi yoyote ya mikopo mjini, umuulize riba halisi ni ngapi. Atakusomea ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi.

Tuweke hesabu mezani. Mkopo ni 1,200,000, miezi 12, riba ya flati 3% kwa mwezi. Riba yote ni 36,000 mara 12, yaani 432,000. Jumla 1,632,000, kwa hiyo rejesho ni 136,000 kila mwezi. Mhitimu anaishia hapo na kusema riba ni 36% kwa mwaka. Si kweli. Mkopaji hakai na 1,200,000 mwaka mzima. Kila mwezi anarudisha sehemu ya mtaji, lakini anaendelea kutozwa kana kwamba bado anadaiwa zote. Fungua Excel, andika =RATE(12,-136000,1200000). Inakuja takriban 5.08% kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Ukiirundika kwa miezi 12 unapata kama 81% kwa mwaka. Tena hapo hawajakata ada. Wakikata 3% ya ada na bima kabla hajapokea, mkononi anapata 1,164,000 na rejesho ni lile lile, na riba halisi inapanda hadi karibu 5.63% kwa mwezi, sawa na 93% kwa mwaka.

Hili ni somo la muhula wa kwanza, thamani ya fedha kwa wakati. Limefundishwa na limetungiwa mtihani, na wengi wamelifaulu. Wamelifaulu vipi? Kwa jedwali la vigawo lililochapwa nyuma ya karatasi ya mtihani, lenye riba za namba kamili tu. Swali linatungwa ili lilingane na jedwali. Siku benki inapotoa mkopo wa 15.5%, jedwali halina safu hiyo na mhitimu anakwama.

Nakuja kwenye kompyuta. Kuna darasa la fedha linalofika mwaka wa tatu bila kujaza mradi hata mmoja kwenye Excel na kusahihishwa. Matokeo yake ni kosa moja linalojirudia kila mahali. Mradi unagharimu 10,000,000 leo, unaingiza 4,000,000 kila mwisho wa mwaka kwa miaka 4, kiwango cha punguzo (riba ya kushushia pesa ya baadaye iwe thamani ya leo) ni 12%. Mwanafunzi anachagua seli zote tano ndani ya fomula ya NPV (thamani halisi ya sasa ya mradi), pamoja na ile ya gharama, anapata 1,919,000. Jibu sahihi ni 2,149,000. Fomula ya Excel inachukulia kwamba kiasi cha kwanza kinapatikana mwisho wa kipindi cha kwanza, kwa hiyo gharama ya leo lazima ikae nje: =NPV(12%, mapato ya miaka minne) kisha utoe 10,000,000. Kumwonyesha mtu hili ni dakika tano. Asipoonyeshwa, atalibeba kosa hilo hadi kwenye andiko la mradi la halmashauri au AMCOS (ushirika wa wakulima).

Halafu madesa yenyewe! Yanarithishwa kutoka darasa hadi darasa, yametolewa kopi ya kopi hadi namba 3 na 8 hazitofautiani. Humo LIBOR, ile riba rejea ya mikopo kati ya benki za London, bado ni hai, wakati LIBOR ya dola ilifikia kikomo Juni 2023. Humo hasara za mikopo bado zinatengwa kwa IAS 39, kiwango cha zamani cha uhasibu, yaani mpaka dalili za mkopaji kushindwa zionekane kwanza, wakati IFRS 9, kiwango kipya, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2018 na inaitaka benki itenge hasara inayotarajiwa tangu siku mkopo unatoka. Humo Benki Kuu bado inaendesha sera kwa kulenga ujazi wa fedha (kiasi cha fedha kilichoko kwenye uchumi), wakati tangu Januari 2024 inatumia riba ya Benki Kuu. Huyu kijana akiitwa usaili wa benki na kuulizwa hatua tatu za mkopo chini ya IFRS 9, atasema nini? Atanyamaza, nyumbani watasema hana bahati.

Kibaya kuliko vyote kwangu ni namna CAPM, ile kanuni ya kukadiria faida ambayo mwenye hisa anaidai kulingana na hatari, inavyofundishwa. Mifano ni ya New York: hisa zinauzwa kila sekunde, beta (kipimo cha hisa kuyumba pamoja na soko) inapigwa kwa bei za kila siku. Mwanafunzi anaandika tasnifu ya DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) kwa njia hiyo hiyo. DSE ilianza biashara mwaka 1998, na hadi leo zipo hisa za kampuni ndogo zinazokaa siku nyingi bila mnunuzi. Siku ambayo hisa haikuuzwa, bei inayoandikwa ni ile ya mwisho, kwa hiyo mabadiliko yake ni sifuri hata kama soko zima limepanda. Sifuri zikijaa, beta inashuka karibu na sifuri. Kinachofuata ni gharama ya mtaji kutoka karibu sawa na riba ya hatifungani ya serikali, na kila mradi unaonekana unalipa. Tasnifu inapita, inapata B+. Dawa inajulikana: tumia mabadiliko ya wiki au mwezi badala ya siku, au ufuate njia ya Dimson ya mwaka 1979, uweke mabadiliko ya soko ya vipindi vilivyotangulia na vinavyofuata, kisha ujumlishe beta zote. Msimamizi asiyeuliza "hisa hii iliuzwa siku ngapi katika hizo ulizochukua?" hajasimamia kitu.

Na mifano ya kwetu iko mlangoni. Benki ya MUCOBA ya Mafinga imeorodheshwa DSE kwenye EGM, dirisha la kampuni zinazokua. Benki zote zinatakiwa kutangaza hesabu zake kila robo mwaka. Chukua hizo hesabu, mpe kila mwanafunzi robo nne, atafute uwiano wa mikopo chechefu (isiyolipwa inavyotakiwa) na aulinganishe na kigezo cha Benki Kuu cha 5%, atazame mtaji wa msingi dhidi ya 12.5% na mtaji wote dhidi ya 14.5%. Zoezi la wiki mbili, gharama yake ni bando la intaneti.

Fildi sitaisema sana, inajulikana. Wiki nane za kuwaelekeza wateja foleni na kupanga vocha, mwisho msimamizi anasaini kitabu cha kumbukumbu bila kusoma. Chuo kingeandika mapema kazi ambazo lazima zifanyike: usuluhishi wa benki (kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki) wa mwezi mmoja, jalada moja la mkopo tangu maombi hadi kamati, ripoti moja ya umri wa madeni (yamekaa siku ngapi bila kulipwa). Mwanafunzi asiporudi nazo, fildi haijafanyika.

Ada tunalipa. Tunataka majibu.

Mbao za Mafinga:

Kamwene mkuu. Umegusa kidonda. Mimi nitaongeza moja tu, la miti, kwa sababu darasa la fedha lililozungukwa na misindano ya Mufindi lingepaswa kulijua kuliko darasa lolote Tanzania.

Swali: mkulima akate misindano ikiwa na miaka 10 auze 8,000,000, au asubiri miaka 18 auze 20,000,000? Kiwango cha punguzo 15%. Gawanya 8,000,000 kwa 1.15, urudie hivyo hadi mara kumi, unapata 1,977,000. Gawanya 20,000,000 kwa 1.15, urudie hadi mara kumi na nane, unapata 1,616,000. Akate mapema. Wanafunzi wengi watakupa jibu hilo, na mwalimu atapiga vema.

Lakini ile 20,000,000 imetoka wapi? Imetoka kwa bei ya mbao ya leo. Yaani haina mfumuko wa bei ndani yake, ilhali 15% ya benki inao. Hapo umechanganya mafuta na maji. Kama mfumuko ni 3%, riba halisi ni 1.15 ugawe kwa 1.03, kisha utoe 1, sawa na 11.65%. Rudia hesabu: miaka 10 inatoa 2,658,000 na miaka 18 inatoa 2,751,000. Uamuzi umegeuka! Familia imekata miti michanga kwa sababu ya mchanganyo wa namba mbili ambao mwalimu hakuusahihisha. Njia nyingine inayokubalika ni kupandisha bei ya mbao kwa 3% kila mwaka na kubaki na 15%. Majibu yatakuwa yale yale. Usichanganye tu.

Na parachichi ni hivyo hivyo. Mche wa kubebesha hauingizi pesa ya maana miaka ya mwanzo, lakini madesa yanawaambia watumie kipindi cha kurudisha mtaji, ambacho hakitazami chochote kinachoingia baada ya mtaji kurudi. Kwa zao linalovunwa miongo, kipimo hicho kinaua mradi mzuri.

Kokoa ya Kyela:

Ndugu zangu, nakubaliana nanyi kwa sehemu kubwa, ila lawama zote msimpe mhadhiri. Darasa la watu 300 na maabara ya kompyuta 40, nusu hazina umeme wa uhakika, huwezi kusahihisha Excel ya kila mtu. Dai liende kwa uongozi wa chuo: vikundi vya watu 40, saa mbili kwa wiki, faili linapakiwa, fomula zinakaguliwa, siyo jibu la mwisho pekee. Alama 10 kati ya zile 40 za ndani zitoke huko. Hapo wanafunzi wataacha kudesa, maana faili lenye makosa yanayofanana linajionyesha lenyewe.

Pia wazazi wanadanganyana kwamba shahada ya fedha na ya uhasibu ni kitu kimoja. Sio. Anayetaka CPA(T), cheti cha mhasibu aliyesajiliwa, aulize kabla ya kuthibitisha udahili: kwa shahada hii, NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi) itanianzisha ngazi gani, na mitihani ipi nitasamehewa? Jibu alitake kwa maandishi. Mitihani ya NBAA ni Mei na Novemba, kuanzia ngazi ya chini kunaweza kumla mtu miaka. Anayetaka soko la mitaji aangalie kozi za CMSA (mamlaka ya masoko ya mitaji). Anayeota CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ajue ni ngazi tatu, wenyewe wanapendekeza saa 300 za kusoma kwa kila ngazi, na vikokotoo vinavyoruhusiwa ni Texas BA II Plus na HP 12C tu. Kwenye hiyo Texas hakikisha P/Y (idadi ya malipo kwa mwaka) iko 1. Ikibaki 12 wakati malipo ni ya mwaka, kila jibu la riba litaharibika na hutajua kwa nini.

Mwanzisha uzi:

Mkuu wa Kyela, la maabara nalipokea, nilikuwa sijalipa uzito wake. Ila la madesa ya LIBOR halihitaji kompyuta 300, linahitaji mhadhiri mmoja na mwisho wa wiki mmoja. Hapo sirudi nyuma.

Mkuu wa Mafinga, ile hesabu ya misindano naomba uiweke kama faili, safu ya bei ya leo na safu ya bei yenye mfumuko zikae kando kwa kando. Walio mwaka wa pili wana jaribio la bajeti ya mtaji mwezi huu.