Gari limeegeshwa, mwenyewe hayupo, askari anazungusha mbwa: huo si upekuzi?

Kitasa
Tuongee Marekani, maana kesi za aina hii zimejaa huko na ndugu zetu wengi wanaendesha malori na teksi huko. Gari liko kwenye maegesho ya moteli, limefungwa, mwenyewe amelala. Askari anapita na mbwa safu kwa safu, hana kibali, wala hamshuku mtu. Mbwa akikaa kitako nyuma ya buti, gari linafunguliwa papo hapo. Mimi nasema huo ni upekuzi bila kibali, pua tu ndiyo imekaa mahali pa mkono. Leteni hoja, matusi kaeni nayo.

Mzee wa Vifungu
Kitasa, unapigana na ukuta. 1983, Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Place: mbwa kunusa begi uwanja wa ndege si upekuzi, kwa kuwa pua inatoa jibu moja tu, kuna haramu au hakuna, na haramu haina faragha. 2005, Caballes, wakaipeleka hoja hiyo kwenye magari. La moteli lenyewe liliamuliwa 1993 na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 10, kesi ya Ludwig: kupitisha mbwa kwenye magari yaliyoegeshwa bila kumshuku mtu ni ruksa. Mbwa akitoa ishara, askari kapata sababu za msingi, yaani za kutosha kuamini kuna haramu ndani, na tangu Carroll, 1925, gari lililo mahali pa wazi halingojewi kibali.

Dereva wa Masafa
Mzee umeiruka Rodriguez ya 2015. Mahakama ya Juu ilisema askari hawezi kukuweka zaidi ya dakika tano kusubiri mbwa.

Mzee wa Vifungu
Hakuna dakika tano popote. Rodriguez alishikiliwa dakika 7 au 8 baada ya kupewa onyo lake la maandishi, na Mahakama haikuweka saa mezani. Ilisema shughuli ya kusimamishwa ikiisha, leseni, bima, faini, huwezi kuirefusha kwa ajili ya mbwa bila shaka yenye msingi, ambayo ni kiwango cha chini kuliko sababu za msingi. Hapa hakuna aliyesimamishwa. Mwenye gari kalala, na aendelee kulala.

Dereva wa Masafa
"Aendelee kulala" ndiyo lugha gani hiyo? Mtu anaamka anakuta milango wazi, paneli zimeng'olewa, klipu za plastiki zimevunjika, na hakuna kilichopatikana. Fundi wa bodi anamlipa nani? Nyie wa vifungu mnaongea kama gari ni kesi, si mali.

Bint Mvita
Wanaume mnahesabu dakika. Niulize la maana mimi: huyo mbwa akiingiza kichwa dirishani akaramba usukani, nani ataosha mara saba kama sheria ya Kiislamu inavyotaka? Polisi au mwenye gari?

Chogo
Hahaha dada umeua uzi. Lakini hiyo saba ni ya chombo alichorambia mbwa, si ya usukani.

Bint Mvita
Kaka, usituletee nusu darasa. Hadithi ya Mtume imetaja chombo, lakini sisi wa Shafii tunakwenda na kila kilichoguswa na mbwa kukiwa na unyevunyevu, uwe wa kwake au wa kitu chenyewe. Kavu kwa kavu hakuna kitu. Mate au pua mbichi: kwanza uondoe najisi yenyewe, hata ukimwaga maji mara tatu ndipo ikatoka, hiyo inahesabiwa moja. Kisha sita, na mojawapo iwe na udongo uliochanganywa na maji mpaka yakaingia vumbi. Sabuni haishiki nafasi ya udongo kwa kauli yenye nguvu.

Chogo
Wamaliki wanasema mbwa ni twahara, kuosha chombo ni ibada tu. Kwa hiyo hata hilo lina mzunguko wake wa rufaa.

Bint Mvita
Basi hamia Morocco, kwa Wamaliki wenzako.

Mkufunzi K
Ngoja kwanza. Nani kawaambia mbwa wa kazi anaramba usukani? Mbwa anayeramba hajafunzwa. Kazi inakwenda hivi: mshika kamba anapima upepo, anaanzia upande ambao hewa inatoka kwenye gari kumjia mbwa. Anamzungusha duru moja akimwonyesha mianya: ukingo wa mlango, chini ya bampa, ndani ya upinde wa tairi, kifuniko cha tangi, taa za nyuma. Pua juu, pua chini. Gari dogo halimalizi dakika. Ishara ni ya utulivu, anakaa au anaganda pua ikielekea mahali. Wale wa kukwaruza kwa kucha wapo, ila vikosi vingi vimewaacha, rangi za magari ya watu zinaharibika.

Gari lililofungwa juani ndilo rahisi, hewa ya ndani inapanuka na kujisukuma nje kwenye mipira ya milango. Ila jua likizidi mbwa anahema, na anayehema kwa mdomo hanusi sawasawa. Na lami ya moto inachoma nyayo.

Kitasa
Ahsante Mkufunzi, sasa nijibu hili. Magari yamebanana, mita moja kati yao, upepo unavuma. Harufu ya gari la kwanza inaishia wapi?

Mkufunzi K
Inatambaa. Inaweza kukusanyika kwenye ukuta, chini ya gari la tatu, au kwenye tairi lililo upande upepo unakokwenda. Mshika kamba mzoefu akiona mbwa anageuza shingo ghafla anamrudisha mpaka apate harufu inapokolea. Asiye mzoefu anaandika namba ya gari la tatu.

Kitasa
Basi lile "jibu moja tu" la Mzee limekufa hapo. Na harufu iliyobaki ya mzigo ulioondoka wiki jana?

Mkufunzi K
Ananusa. Hajui tarehe.

Mzee wa Vifungu
Halijafa. Harris, 2013, majaji wote tisa: mbwa akiwa na cheti na mafunzo yanayoaminika, inatosha mpaka mshtakiwa aonyeshe kasoro. Rekodi ya barabarani si sharti.

Kitasa
Harris hiyohiyo ambayo mbwa Aldo alitoa ishara kwenye kitasa cha mlango, ndani vikapatikana vidonge 200 vya pseudoephedrine, malighafi ya dawa za kulevya, ambavyo hakufunzwa kuvinusa? Na gari lilelile akalionyesha tena baadaye, lisikutwe na chochote? Jaji Souter alishaandika kwenye Caballes kwamba mbwa asiyekosea ni kiumbe cha kubuni cha wanasheria. Mzee, huyo ndiye mbwa wako.

Mzee wa Vifungu
Souter alikuwa upande ulioshindwa. Na usiniite mwenye mbwa.

Dereva wa Masafa
Tatizo ni binadamu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, 2011: jozi 18 za mbwa na washika kamba, hakuna dawa popote, ila washika kamba waliambiwa karatasi nyekundu inaonyesha harufu ilipo. Ishara zikamwagika, na nyingi zilikuwa kwenye karatasi. Askari akisimama sekunde mbili zaidi mbele ya gari la mtu mweusi, mbwa kashasoma.

Mkufunzi K
Utafiti huo naujua, nao haukuwa barabarani. Lakini dawa yake inajulikana: mtihani ambao hata msimamizi aliye chumbani hajui kitu kiko wapi, na baadhi ya magari ya mtihani yawe matupu kabisa. Kikosi kinachofanya mtihani askari akijua jibu kinamfundisha mbwa kumsoma mtu. Mbwa hana ubaguzi, kamba ndiyo inao. Msimtukane mnyama.

Chogo
Hakuna aliyemtukana. Kasema tu akaoshwe kwa udongo.

Bint Mvita
Sikusema aoshwe yeye! Soma.

Kitasa
Nirudi kwenye kugusa, maana Bint Mvita amegusa sheria bila kukusudia. Idaho, 2023, kesi ya Dorff. Mbwa Nero aliweka miguu ya mbele kwenye mlango na kioo cha gari. Mahakama ya Juu ya jimbo, kura tatu kwa mbili: kuegemea mali ya mtu ili kupata ushahidi ni upekuzi. Waliijenga juu ya Jones ya 2012, ile ya kifaa cha GPS ambacho polisi walikibandika garini ili kumfuatilia mtu. Harufu iliyo hewani bure, mguu mlangoni haramu.

Chogo
Kwa hiyo Idaho nao wana kavu kwa kavu.

Mzee wa Vifungu
Idaho ni jimbo moja. Mahakama za shirikisho kadhaa zimesema mbwa akiruka mwenyewe kwa silika, askari hakumfungulia wala kumhimiza, hakuna kosa. Winningham, 1998, ushahidi ulitupwa kwa sababu askari ndiye aliyefungua mlango wa gari mbwa akarukia.

Dereva wa Masafa
Na Colorado? Bangi ni halali kwa aliyefika miaka 21, mbwa amefunzwa bangi pamoja na kokeini, ishara ni ileile moja. Akikaa, kakaa kwa lipi?

Kitasa
Ndiyo McKnight, 2019. Mbwa aliitwa Kilo. Mahakama ya Juu ya Colorado: kwa katiba ya jimbo, mbwa aliyefunzwa bangi akinusa ni upekuzi, kwa kuwa anaweza kufichua kitu halali, basi uwe na sababu za msingi kabla hujamtoa garini. Hoja ya Place imebomoka kwa mguu wake wenyewe.

Mkufunzi K
Na huwezi kumfutia bangi kwa siku mbili. Harufu ya kwanza aliyozawadiwa mpira haitoki kirahisi. Vikosi vingi vimestaafisha mbwa, wapya wanafunzwa bila bangi tangu mwanzo.

Mtaa wa Saba
Mnalia na Marekani wakati Nairobi mbwa anazunguka gari lako kila ukiingia mall na mnamfungulia buti wenyewe mkicheka. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinakataza mali yako kupekuliwa ovyo. Nani amekwenda mahakamani?

Mzee wa Vifungu
Yule ni mlinzi wa kampuni, ananusisha vilipuzi, na wewe unaomba kuingia kwa mwenyewe. Hutaki, geuza.

Mtaa wa Saba
Ugeuze wapi na magari kumi nyuma yako, kizuizi mbele? Hiyo hiari ya aina gani?

Bint Mvita
Na gari likiwa nyumbani uani, wanaruhusiwa kuingia na mbwa wao?

Mzee wa Vifungu
Hapo hapana, dada. Jardines, 2013: mbwa barazani ni upekuzi. Collins, 2018: pikipiki iliyofunikwa turubai kwenye njia ya kuingilia nyumbani, askari akafunua bila kibali, akashindwa kura nane kwa moja. Ila lazima pawe sehemu ya nyumba kweli. Maegesho ya pamoja ya jengo la kupanga kwa kawaida hayahesabiwi.

Dereva wa Masafa
Yaani mwenye nyumba ana faragha, mpangaji hana. Andika hivyo tu Mzee, usizunguke.

Mzee wa Vifungu
Sikuandika mimi.