Naomba ushauri: protini huvunjwa baada ya siku chache, kumbukumbu inabakije?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwanafunzi wa baiokemia, nimeanza kusoma mfumo wa neva katika kiwango cha molekuli, na nimekwama.

Mwanzo wa jinsi kumbukumbu inavyoundwa nimeuelewa: glutamati (kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya seli za neva) hufungua vipokezi vyake vya aina ya AMPA, volteji ya utando inapanda, ioni ya magnesiamu iliyoziba kipokezi cha NMDA (aina nyingine ya kipokezi cha glutamati) inatoka, kalsiamu inaingia na kuamsha kimeng'enya CaMKII. Hapa ndipo paliponivutia sana. Kimeng'enya hiki kwa kawaida kina vijenzi 12, na kimoja kikiamka kinaweza kukipachika cha jirani fosfati, hivyo kazi inaendelea hata kalsiamu ikishapungua.

Tatizo ni kwamba protini nyingi za sinapsi (maungio kati ya seli za neva) huvunjwa na kutengenezwa upya baada ya siku chache, ilhali kumbukumbu hudumu miaka. Nimechora hatua zote mara tatu, nimerudia sura mbili za kitabu cha kiada, bado kiungo sikioni.

Je, kupachikana fosfati huko kunatosha kuitunza kumbukumbu, au ni lazima jeni ziwashwe na protini mpya zitengenezwe? Na ni jaribio la aina gani hutenganisha kuianzisha kumbukumbu na kuitunza? Natanguliza shukrani.